Bendera ya Buluu

Houssein wa Gitega alikuwa dereva, na mtu asikudanganye kwamba madereva ni wengi. Wenye leseni ndio wengi. Dereva ni yule ambaye abiria wake wanasinzia Gitega na kuzinduka Muyinga, Karuzi wameipita bila habari, na mama aliyepakata mayai anashuka na mayai yake yote mazima. Huyo ndiye Houssein. Tangu binti yake Aisha hajaota meno, njia ile ilikuwa yake, na Hiace yake nyeupe iliijua kama ng'ombe anavyoijua njia ya zizini.

Kisha mafuta yakaadimika. Hayo sitaki kuyasema sana, maana nikianza nitakasirika na hadithi itaharibika. Yatosha kusema kwamba foleni ya kituo cha mafuta ilikuwa ndefu mpaka watu wakafahamiana humo na kualikana harusi. Houssein, baada ya kuisukuma gari mara nyingi kuliko alivyoiendesha, aliisukuma mara ya mwisho hadi uani kwake, akaifunika turubai, akaketi barazani.

Kuketi kwenyewe ndiko kulikomtia hofu mkewe. Mwanamume ambaye hakuwahi kumaliza kikombe cha chai nyumbani sasa alimaliza birika zima. Akawa anawakosoa kuku namna wanavyokata kona uani. Watu wakimpitia na kumuuliza habari za safari, kwa mazoea tu, anajibu "nzuri", halafu ananyamaza mpaka jioni. Alikuwa na huzuni, na hakuwa na namna ya kuisema.

Aisha, mtoto wao wa pekee, alikuwa kule Muyinga, akifanya kazi kwenye ukumbi wa kompyuta wa Christina. Christina huyu alikulia Tanzania, upande wa Kigoma. Wazazi wake walirudi Burundi wakapata shamba Buhinyuza, lakini jembe na yeye hawakupatana. Akafungua ukumbi mjini. Mchana watu wanachapa barua zao, na jioni vijana wanakuja kucheza. Aisha alianza kwa kufagia hapo na kutengeneza mashine, akaishia kushikwa na ugonjwa wa mbio za magari.

Nasema mbio, lakini usifikirie ule mchezo wa watoto wa kugonga kuta na kuendelea. Huu una usukani wa kushika na pedali za kukanyaga, na haukuhurumii. Ukichelewa kushika breki unaingia majanini, tairi zinaisha, mvua ikinyesha gari linateleza kama lile la kweli. Na unaoshindana nao ni watu hai, kila mmoja kwao, mwingine Bujumbura, mwingine Kampala, mwingine Mwanza, wote wamekutana barabara moja kwa njia ya mtandao.

Sasa shida ya Aisha ilikuwa hii. Kulikuwa na mashindano yanayoitwa Ligi ya Maziwa Makuu, na binti yule alikuwa akilala na kuamka nayo. Timu mpya haiingii mpaka ipite mbio za majaribio: gari moja, madereva wawili, mmoja anaendesha nusu ya kwanza na mwingine nusu ya pili, na timu imalize bila kufikisha alama kumi za makosa. Gari likitoka nje ya lami, alama moja. Likisimama, mbili. Ukifika kumi unatolewa. Aisha alikwisha kutolewa mara moja, kwa sababu kijana aliyeshirikiana naye aliudhika katikati ya mbio, akazima kompyuta na kwenda kula. Kanuni ilisema anayetolewa mara ya pili jina lake linafutwa kabisa, harudi tena.

Kwa hiyo alihitaji mtu wa kukaa kwenye usukani saa nzima bila kupandisha hasira. Akawapitia wote anaowajua, akakuta wote vichwa maji, kuanzia yeye mwenyewe. Christina hakufaa, maana gari hata la kwenye skrini linamtapisha. Yeye angekuwa sauti ya kuwaelekeza masikioni tu. Ndipo Aisha akapiga simu Gitega.

"Baba, natafuta dereva."

"Mi sina esansi, mama."

"Hii gari haikunywaki esansi."

Houssein akacheka. Mkewe aliyekuwa jikoni alitoka kuja kuona ni nani anacheka.

Aisha alikuwa ameacha kompyuta yake ya zamani nyumbani. Usukani na pedali akavituma na lori la mahindi. Ikabaki kiti. Kiti cha plastiki kilimuumiza Houssein mgongo, na jirani yake Husni, fundi seremala, alipokuja kutazama, akasema jambo la wazi kabisa: kiti cha dereva si kile pale, ndani ya Hiace? Yeye angekitengenezea fremu ya mbao.

"Gari bila kiti cha dereva ni maiti," Houssein akasema.

"Na dereva bila gari ni nini?" akauliza Mama Aisha.

Houssein akalala na swali hilo, na kesho yake akachukua spana mwenyewe, akafungua nati moja moja, na hakumruhusu Husni amsaidie hata kushika upande. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, ndivyo alivyosema, lakini alisema akiwa ametazama pembeni.

Basi akaanza. Siku za mwanzo alikuwa anaendesha kama amebeba wagonjwa, Aisha akawa anauma kucha kule Muyinga. Lakini ukweli lazima usemwe: alipoizoea ile pedali, mzee yule aliendesha vizuri mpaka Christina akasahau kuelekeza. Hakushtuka wala hakushindana na kona. Alilisikiliza gari, na likianza kuteleza alikwisha kujua kabla halijaanza. Aisha alikuwa mwepesi kuliko yeye, hilo halina ubishi, lakini Aisha aliingia kila kona kana kwamba amegombana nayo.

Wakaingia mbio za mazoezi, na watu wa kweli. Houssein akaenda safi, hana alama hata moja, mpaka gari linaloongoza lilipomaliza kuuzunguka uwanja na kumkuta tena yeye kwa nyuma. Likamulika taa. Kwenye skrini ikatokea bendera ya buluu, maana yake kuna mwenye kasi zaidi nyuma yako. Houssein akapunguza mwendo. Akatoka lami, akaingia kwenye majani, akasimama. Akaondoa mikono kwenye usukani, akatazama mbele.

Gari la kwanza likapita, la pili likapita. Alipoona kumetulia akarudi barabarani taratibu.

"Mzee Houssein," sauti ya Christina ikamwingia masikioni, "shikamoo. Gari limeharibika?"

"Marahaba. Oya, hapana, halijaharibika. Mi nilikuwa napisha."

Sasa wewe unayesoma ukiwa mbali utacheka, lakini dereva yeyote wa njia zetu hatacheka. Msafara wa wakubwa ukitokea nyuma, taa zinawaka, vioo vyeusi, huulizi ni nani. Unatoka lami yote, unasimama, unatazama mbele mpaka vumbi litue. Unafanya hivyo kwa adabu na unafanya hivyo kwa woga, na baada ya miaka hujui tena kipi ni kipi. Houssein alikwisha kupisha mara zisizo na idadi. Mguu wake haukuomba ruhusa kichwani.

Mbio zilipokwisha, mzee akiwa ametoka na kusimama hivyo mara nne, Aisha akamweleza: bendera ya buluu haisemi utoke. Inasema ushike njia yako, uende umenyooka, usiyumbe. Yule mwenye kasi ndiye atafute pa kupita.

"Mkubwa ndiye atafute pa kupita?"

"Ego, Baba. Ndiye."

"Na mi nakaa tu barabarani?"

"We unakaa. Barabara ni yako pia."

Houssein akalitafakari neno hilo, likamkaa vibaya. "Heshima si utumwa," akasema.

"Si utumwa, Baba. Lakini leo umenipa alama kumi na mbili za heshima. Ingekuwa siku yenyewe, jina langu lingekuwa limefutwa."

Akaahidi kubadilika. Kesho yake akatoka tena. Na siku iliyofuata. Mazoea yana taabu. Kichwa kilikuwa kimeelewa, mguu haukuwemo kwenye mazungumzo. Christina akashauri wakizime kile kioo cha kutazamia nyuma, asizione taa. Wakakizima. Houssein akashtukia gari limemtokea ubavuni kama mzuka, akaruka, akalipiga, na wote wawili wakaishia mtaroni. Kioo kikarudishwa.

Aisha akaamua kumfundisha mwenyewe. Akachukua gari lenye kasi, akawa anamfuata babake nyuma akimulika taa, mzunguko baada ya mzunguko, na kila mara mzee anatoka. Zimebaki siku chache. Binti akashindwa kujizuia.

"Baba, we unanipisha nani? Ni mimi! Ni mimi Aisha niko nyuma yako!"

Alipiga kelele, na mtoto hampigii kelele babake. Houssein akavua vipokea sauti, akaviweka mezani, akatoka barazani. Kule Muyinga Aisha akainamia usukani, akalia kwa aibu, na kwa hofu pia, maana aliliona jina lake likienda na maji. Christina akamletea maji ya kunywa, asimwambie lolote. Ni mtu wa maneno mengi yule, lakini anajua saa ya kuyafunga.

Mama Aisha alimkuta mumewe barazani na hakumkuta na hasira. Alikuwa anautazama mguu wake wa kulia kama fundi anavyotazama mashine.

"Haukutoka," akasema.

"Nini hakikutoka?"

"Mguu. Aliposema 'ni mimi Aisha', mguu ulikuwa unaanza kutoka, halafu ukatulia. Akanipita sawasawa. Kule kwenye vioo vyeusi mtu hujui nani amekaa ndani. Ndiyo maana unatoka. Mi nikijua ni nani, natulia."

Akarudi ndani, akavaa vipokea sauti. Aisha alianza kuomba radhi, maneno yanagongana, Houssein akamkatiza. "Yamekwisha, mama. Uko na haki ya kukasirika. Nipe Christina." Na Christina alipokuja akamuuliza kama kule kwao wanaona majina ya watu wote walioko kwenye mbio.

"Tunaona, mzee. Majina, na wanakotoka. Wengine nawafahamu, tunaandikiana."

"Bon. Akija mtu nyuma yangu, nitajie jina."

Ndivyo walivyofanya. Jioni hiyo bendera ya buluu ikatokea na Christina akasema, "Nyuma yako ni Crispin, mzee. Yuko Bujumbura, anasomea uuguzi." Houssein akakohoa kidogo, akajibu kana kwamba kijana yule amebisha hodi: "Karibu, Crispin. Pita, mwanangu." Gari likabaki limenyooka. Crispin akapita kushoto, akaenda zake. Akaja Damiano wa Mwanza, fundi wa redio. "Karibu, Damiano, habari za kazi? Pita." Akaja Upendo, msichana wa Kampala ambaye Christina alimjua kwa kupenda ugomvi. "Pita, mama, pita, lakini taratibu." Aisha alikuwa akisikiliza, anacheka huku anajifuta macho. Mzee alikuwa hajatoka hata mara moja.

Siku ya majaribio ikafika, Jumapili, baada ya adhuhuri. Houssein aliswali, akaketi kwenye kiti chake mapema. Mama Aisha akakaa kwenye mlango wa ua, na kila aliyekuja kusalimia akamwambia mumewe yuko safarini. Hakusema uongo.

Aisha alianza, kwa sababu mwanzoni magari ni msongamano na panahitaji mikono myepesi. Mikono alikuwa nayo. Lakini ile haraka yake, haraka isiyo na baraka, nayo alikuwa nayo. Akawapita watu vizuri, akawapita wengine vibaya, akatoka lami hapa, akatoka tena pale. Alipomkabidhi babake gari walikuwa na nafasi nzuri na alama saba.

"Nimeharibu, Baba," akasema.

"Hujaharibu. Umenipunguzia nafasi ya kuchezea, basi. Pumzika."

Lakini moyoni Houssein alihesabu kama wewe unavyohesabu. Saba. Akitoka lami ni nane, na akisimama huko ni kumi, na binti yake hana tena jina. Akaendesha kwa uangalifu ambao hajawahi kuupa hata mama mwenye mayai. Bendera ya kwanza ilimkuta Christina anakunywa maji. Jina likachelewa, na kabla halijafika gari lilikuwa limekwisha teremka majanini. Nane. "Nisamehe, mzee," Christina akasema, na tangu hapo hakugusa tena chupa. Majina yakafuatana, Houssein akawakaribisha na kuwapitisha wote. Karibu na mwisho, tairi zimechakaa, gari likateleza kwenye kona ndefu na kutoka lami, kosa ambalo dereva yeyote angelifanya. Tisa.

Ikabaki mizunguko miwili.

"Mzee, shika hivyo hivyo," Christina akasema. "Nyuma yako anakuja kiongozi mwenyewe, na mwingine amemfuata, wanagombania ushindi. Wa kwanza anaitwa—"

Ikawa kimya.

"Halo?" Houssein akasema. "Christina? Aisha?"

Umeme ulikuwa umekatika Muyinga, mji mzima. Mama Aisha alishika simu akajaribu namba ya binti, namba ya Christina, hapatikani huyu wala huyu. Gitega umeme ulikuwepo. Skrini ilikuwa inawaka, gari linakwenda, na kwenye kioo cha nyuma taa zilianza kumulika.

Bendera ya buluu ikatokea.

Houssein aliogopa. Tusimpambe, aliogopa kweli, mgongo ukamlowa jasho kwenye kiti chake. Nyuma yake kulikuwa na taa tu, na nyuma ya taa kioo cheusi, na mtu ambaye hana jina. Mguu ukaanza kuachia. Mikono nayo ikaanza kuvuta kulia, kidogo kidogo, mpaka tairi zikakanyaga ule mstari mweupe wa pembeni. Hakuna alichokiamuru. Mwili ulikuwa unajiendea wenyewe kule ulikozoea kwenda, na hatua moja zaidi yalikuwa majani.

Akafungua mdomo akaribishe, hakuwa na jina la kukaribisha. Likamtoka lililokuwepo.

"Mi naitwa Houssein," akasema.

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anamwambia mtu aliyeketi naye. Mkewe akaacha simu, akamgeukia.

"Mi ni dereva. Natoka Gitega. Niko hapa, siendi popote. Iko nafasi upande wa kushoto, pita."

Tairi zikaondoka kwenye mstari. Mguu ukarudi kwenye pedali, ukatulia. Taa zikamulika tena na tena, zikamkaribia mpaka zikajaza kioo chote, na Houssein akaenda amenyooka, katikati ya upande wake, kwa mwendo wake. Yule wa nyuma akasubiri. Akatafuta. Mwishowe akatoka yeye, akazunguka kushoto, akapita. Wa pili naye akaja na taa zake. Houssein akamwambia naye vile vile, jina, kazi, na anakotoka, hakuruka neno, naye akazunguka.

Akamaliza mizunguko yake. Gari likavuka mstari wa mwisho. Kwenye pembe ya skrini namba ilikuwa ile ile, tisa, akaitazama kwa muda mrefu akisubiri igeuke, haikugeuka. Akaacha usukani.

"Tumepita?" akauliza Mama Aisha.

"Sijui wanaandikaje. Tungoje mtoto."

Wakangoja wamekaa. Simu ilipolia, Aisha alikuwa nje, amesimama barabarani Muyinga katikati ya watu waliotoka kulalamikia umeme. Alikuwa anahema, kwa sababu alikuwa amekimbia kutafuta mahali penye mtandao, na alipoupata hakuthubutu kufungua matokeo. Aliona heri amuulize babake.

"Baba, walikukuta bila sauti?"

"Walinikuta. Wawili."

"Ulitoka?"

"Sikutoka."

"Hata kidogo?"

"Nilikanyaga mstari. Halafu nikarudi. Imebaki tisa."

Akasikia binti yake anakaa chini pale pale barabarani, na Christina akimuuliza ana nini, na Aisha hawezi kumjibu kwa kilio. Houssein alikuwa na furaha, furaha nzito ambayo hakuwa nayo tangu siku aliyoifunika gari, na safari hii hakuangalia pembeni. Akaiweka simu kwenye sauti kubwa ili mkewe asikie.

"Lakini Baba," Aisha akasema alipoweza, "nani alikutajia majina yao?"

"Hakuna."

"Sasa uliwajuaje?"

"Sikuwajua," Houssein akasema. "Niliwaambia langu."